Zamu ya nane kati ya wanane: uchambuzi wa drafti moja ya South B

Mtu anayepewa zamu ya nane katika drafti ya watu wanane, yaani mchezo wa fantasi ambapo watu hugawana kwa zamu wachezaji halisi wa Ligi Kuu ya Uingereza na kupata alama kwa wanachofanya uwanjani, ana shida yake mwenyewe. Huchagua wawili kwa mpigo, kisha hukaa akitazama wachezaji 14 wakiondoka kabla hajafikiwa tena. Kisa ninachokichambua hapa ni cha mkaguzi wa hesabu mmoja wa South B, Nairobi, aliyeangukiwa na zamu hiyo Agosti 2024 katika ligi ya marafiki wanane waliochanga KSh 1,500 kila mmoja. Mimi sichezi. Kazi yangu ilikuwa kushika pesa zilizoingia kwa M-Pesa na kuamua ugomvi, kwa hiyo niliona karatasi za kila mtu bila kuwa na timu ya kutetea.

Kwa aliyezoea fantasi ya kawaida ya Ligi Kuu ya Uingereza, ile ya bajeti ya pauni milioni 100, drafti ni mchezo mwingine kabisa. Hakuna bei. Mchezaji akishachukuliwa na mmoja, wale saba waliobaki hawampati mpaka aachwe au abadilishwe kwa makubaliano. Hakuna nahodha wa kuzidishiwa alama, hakuna karata maalumu za kutumia mara moja, wala hakuna anayekukataza kurundika wachezaji wa klabu moja. Kila mtu hujaza nafasi 15: makipa 2, mabeki 5, viungo 5, washambuliaji 3. Mfumo ndio hupanga zamu kwa bahati nasibu, na mpangilio hujikunja: wa nane katika duru ya kwanza ndiye anayefungua duru ya pili. Kwa mkaguzi hiyo ilimaanisha chaguo la 8 na la 9, kisha la 24 na 25, la 40 na 41, la 56 na 57, na kuendelea hivyo hadi la 120 lililofunga hesabu.

Ligi yenyewe ilikuwa ya ana kwa ana. Kila wiki unakutana na mtu mmoja. Ukimzidi alama unapata pointi 3, mkitoka sare mnapata 1 kila mmoja. Hilo ni muhimu kuliko linavyosikika, maana unaweza kukusanya alama nyingi msimu mzima na bado ukamaliza chini ya mtu uliyemzidi, kwa kuwa tu ulikutana naye siku mbaya.

Nafasi itakayokauka

Wengi hujiandaa kwa kuandika orodha ya wachezaji bora kutoka juu kwenda chini. Msimu wa 2023/24 ulikuwa umeacha orodha iliyo wazi: Cole Palmer alama 244, Phil Foden 230, Ollie Watkins 228, Bukayo Saka 226, Erling Haaland 217. Watu saba kati ya wanane walikuja na orodha hiyo au inayofanana nayo. Mkaguzi aliipitia, kisha akaanza kuhesabu kitu kingine.

Alihesabu nafasi. Ligi ina klabu 20, na kila klabu ina kipa mmoja anayeanza. Watu wanane wanahitaji kipa mmoja kila mmoja kwa kila wiki. Hata kila mtu akichukua wawili, bado wanabaki wanne wanaoanza na hawana mwenyewe. Tena tofauti kati yao si kubwa, na haifuati ukubwa wa klabu: kipa aliyeongoza kwa alama msimu wa 2023/24 alikuwa Jordan Pickford wa Everton, timu iliyomaliza nafasi ya 15. Everton walikuwa wakishambuliwa sana, naye akipata alama za kuokoa. Kwa hiyo kipa anangoja mwisho.

Mabeki wanaohitajika na watu wanane ni 40. Klabu 20 zikicheza na mabeki wanne, wanaoanza ni kama 80. Viungo ni hivyo hivyo, tena wengi zaidi, kwa sababu mfumo huwahesabu mawinga kuwa viungo. Sasa njoo kwa washambuliaji. Watu wanane mara watatu ni 24, na klabu nyingi siku hizi husimamisha mshambuliaji mmoja tu mbele. Klabu 20, nafasi 20 na ushee, na wanaotakiwa ni 24. Ni safu moja tu ambayo mahitaji yanazidi vilivyopo. Yule anayeahirisha mshambuliaji wa tatu hadi duru ya kumi na mbili hupata mtu wa kuingia dakika ya 78.

Wapo watakaosema bao la mshambuliaji lina alama 4 tu, la kiungo 5, la beki 6, kwa hiyo kiungo mfungaji ni bora. Ni kweli, na ndiyo maana Palmer, Salah na Saka huondoka mapema. Lakini hoja hiyo inahusu wachezaji watano au sita wa juu. Ukishuka hadi chaguo la 40, utakuta viungo wa kiwango kimoja wamejaa na washambuliaji wa uhakika wamebaki watatu. Mkaguzi aliliandika hilo juu ya karatasi yake kwa kalamu nyekundu: washambuliaji watatu kabla ya chaguo la 42.

Mambo mawili ambayo orodha haionyeshi

La kwanza ni mapumziko. Kiangazi cha 2024 kilikuwa na Euro kule Ujerumani na Copa América kule Marekani, zote zikiisha katikati ya Julai. Mchezaji wa Uingereza aliyefika fainali ya Berlin Julai 14 alirudi klabuni akiwa amebakiza wiki chache tu. Mkaguzi alichora alama kando ya kila aliyepumzika kiangazi kizima: Haaland, kwa kuwa Norway haikufuzu, Alexander Isak, kwa kuwa Sweden haikufuzu, Mohamed Salah na Bryan Mbeumo, kwa kuwa mataifa yao ya Afrika hayakuwa na mashindano makubwa wakati huo, na Matheus Cunha, ambaye Brazil haikumwita. Sheria hii si ya chuma. Palmer alifunga kwenye fainali hiyo ya Berlin na bado akaanza msimu kama moto. Lakini watu wawili wakilingana, mapumziko ni sababu nzuri ya kumtanguliza mmoja.

La pili ni penalti, na hapo ndipo maandalizi yake yalipozaa matunda. Orodha ya alama za mwaka uliopita ilimficha Mbeumo, kwa sababu aliumia kifundo cha mguu Desemba 2023 na akakosa miezi kadhaa. Alicheza mechi 25 za ligi tu, akafunga mabao 9. Mtu anayesoma jumla ya alama anamwona wa kawaida. Anayegawanya alama kwa mechi anaona kitu kingine. Juu ya hayo, tetesi za kuondoka kwa Ivan Toney zilikuwa zimejaa kila mahali, na Toney ndiye aliyekuwa mpigaji penalti wa Brentford. Akiondoka yeye, penalti zinakwenda kwa nani? Mkaguzi hakungoja jibu.

Ramani ya meza

Sehemu ya maandalizi yake niliyoipenda zaidi haikuwa na mpira ndani yake. Alichora watu saba na kuandika chini ya kila jina klabu anayoshabikia na namna alivyowahi kuchagua. Nairobi hili si jambo dogo. Keti kwenye baa yoyote ya Lang'ata au Umoja Jumapili jioni uone ni nani wanaovaa jezi nyekundu za Arsenal na ni nani wa Manchester United, na jinsi wasivyoweza kuongea dakika tano bila kutukanana. Mtu wa namna hiyo akipewa sekunde chache za kuchagua, moyo hutangulia.

Mwalimu mmoja wa Buruburu, shabiki wa Arsenal, alikuwa na zamu ya nne. Ramani ya mkaguzi ilisema: huyu atachukua Saka, halafu ataendelea na Arsenal mpaka waishe. Shemeji wa mwenye nyumba, United damu damu, alikuwa wa sita. Mwenye duka la spea Kirinyaga Road, shabiki wa Liverpool tangu ile fainali ya Istanbul ya 2005, alikuwa wa tatu. Hivyo mkaguzi alijua majina kadhaa ambayo hayatamfikia hata akiomba, na muhimu zaidi, alijua mapengo. Hakukuwa na shabiki wa Newcastle, wa Brentford, wa Wolves wala wa Nottingham Forest katika chumba kile. Wachezaji wa klabu hizo wangeshuka chini kuliko thamani yao.

Jumatano usiku

Drafti ilifanyika Jumatano, Agosti 14, saa tatu usiku. Watano walikuwa sebuleni South B na chai na mandazi, wawili nyumbani kwao, na mmoja, jamaa wa Utawala, alikuwa ndani ya matatu akitokea mjini. Alikuwa ameapa kwamba atafika. Hakufika.

Saba wa kwanza waliondoka hivi: Haaland, Palmer, Salah, Saka, Foden, Bruno Fernandes, Watkins. Mwenye duka alipomchukua Salah wa tatu kuna aliyecheka, kwa sababu Jürgen Klopp alikuwa ameondoka, kocha mpya Arne Slot hajajulikana, na Salah alikuwa na miaka 32 na mkataba uliobakiza mwaka mmoja. Jamaa akajibu kwamba yeye hamchagui Salah, Salah ndiye aliyemchagua.

Zamu ya mkaguzi ikafika. Isak, aliyefunga mabao 21 ya ligi msimu uliopita, akaingia chaguo la 8. La 9 likawa Son Heung-min. Nitarudi kwa Son.

Kisha zile chaguo 14 za kukaa kimya. Shemeji akamchukua Marcus Rashford, na duru iliyofuata Rasmus Højlund, ingawa Højlund alikuwa ameumia msuli wa paja mwezi wa Julai kwenye mechi ya kirafiki dhidi ya Arsenal na kila mtu chumbani alijua. Mwalimu akamchukua Martin Ødegaard, kisha Ben White, beki aliyeongoza mabeki wote msimu uliopita kwa alama 182. Baadaye akaongeza William Saliba na David Raya. Chaguo tano za kwanza, Arsenal watupu.

La 24, mkaguzi akabonyeza Mbeumo.

"Dada, Mbeumo duru ya tatu? Umeishiwa na watu?" Mwalimu aliuliza.

"Ningengoja la 40 wewe ungemwacha?"

"Mimi? Mimi namtaka Martinelli."

Jibu hilo la mwalimu lina somo ndani yake, na ni mahali pa kwanza ninapotofautiana na mkaguzi. Kwa ramani yake mwenyewe hakuna shabiki wa Brentford pale, kwa hiyo huenda Mbeumo angefika chaguo la 40. Alitumia chaguo la thamani kubwa kununua utulivu. Yeye husema kwamba mchezaji unayemwamini hupaswi kumwekea dau la kuvuka watu 14, na kwa anayekaa mwisho wa foleni hoja hiyo ina uzito. Anayechagua wa nne au wa tano hungoja watu wachache na anaweza kucheza na subira. Wa nane hawezi. Kama mbio za mabeki zikianza katikati ya zile 14, yeye anazikuta zimeisha. Lazima aanzishe mbio, si kuzifuata.

La 25 likawa Cunha, mshambuliaji wa pili. La 40 Joško Gvardiol, beki wa Manchester City aliyefunga mabao manne ya ligi mwishoni mwa msimu uliopita. La 41 Chris Wood wa Nottingham Forest, mabao 14 msimu uliopita, na hakuna aliyesema neno kwa sababu hakuna aliyekuwa akimfikiria. Washambuliaji watatu kabla ya 42, kama kalamu nyekundu ilivyoagiza.

Wakati huo huo jamaa wa Utawala alikuwa amekwama kwenye msongamano. Karibu na Muthurwa mtandao ukakatika, sekunde zikaisha, na mfumo ukamchagulia Kevin De Bruyne katika duru ya nne. Alipiga simu akitaka chaguo lirudiwe. Nilikataa, kanuni tuliziandika kabla ya mtu yeyote kulipa. Ukienda kwenye drafti bila kupanga orodha yako ya akiba ndani ya mfumo, umeiachia programu kazi yako.

Zilizobaki sina haja ya kuzieleza zote. Micky van de Ven wa Tottenham la 57, viungo wa katikati ya jedwali, mabeki wa kujaza, na makipa wawili katika duru tatu za mwisho, Bernd Leno akiwa mmoja wao.

Msimu ulivyosema

Agosti 18 Brentford waliwafunga Crystal Palace 2-1, Mbeumo akifunga bao la kwanza, na Toney hakuwa hata benchini kwa sababu ya mazungumzo ya uhamisho. Mwisho wa mwezi Toney akaenda Al-Ahli ya Saudi Arabia. Mbeumo akabaki na penalti na akamaliza msimu na mabao 20 ya ligi. Isak alifunga 23, Wood 20, Cunha 15. Washambuliaji watatu wa mkaguzi wakajumlisha 58. Højlund na Rashford, kwa pamoja, walifunga 8 wakiwa United, iliyomaliza nafasi ya 15, na Rashford alikuwa ameshakwenda Aston Villa kwa mkopo katikati ya msimu.

Timu ya mwalimu ilianguka kwa mtindo wa kuhuzunisha. Ødegaard aliumia kifundo cha mguu Septemba akichezea Norway. White alifanyiwa upasuaji wa goti Novemba. Saka akaumia msuli wa nyuma ya paja Desemba 21 uwanjani kwa Crystal Palace, na hakuonekana tena hadi Aprili 1. Raya na Saliba walifanya kazi yao vizuri, lakini ukiweka chaguo zako tano za kwanza katika klabu moja, basi wiki mbaya ya klabu hiyo ni wiki yako mbaya, na hospitali yao ni hospitali yako.

Mkaguzi naye alifanya kosa la namna hiyo, dogo zaidi. Son na van de Ven wote walikuwa Tottenham. Van de Ven aliumia mwishoni mwa Oktoba, akarudi Desemba dhidi ya Chelsea, akaumia tena siku hiyo hiyo. Son alimaliza na mabao 7 ya ligi, na Tottenham wakamaliza nafasi ya 17 ingawa walibeba kombe la Europa. Son alikuwa chaguo la jina na mazoea; kwenye karatasi hana alama ya penalti za uhakika wala ya mwelekeo wa kupanda. Alikuwa wa 9 kwa sababu orodha ya alama za 2023/24 ilimweka juu, yaani mkaguzi aliiacha orodha kila mahali isipokuwa pale chaguo lilipokuwa ghali zaidi. Nilimwambia hivyo Januari. Hakufurahi, lakini hakubisha.

Alichokosa kwa Son alikirudisha kwenye maombi ya kila wiki. Katika drafti, wachezaji wasio na mwenyewe huombwa, na maombi huchakatwa saa 24 kabla ya dirisha la wiki, yaani muda wa kupanga timu, kufungwa. Aliye mkiani mwa jedwali hutangulia. Baada ya hapo waliobaki ni wa anayewahi. Septemba 14 Forest waliwafunga Liverpool 1-0 pale Anfield. Wengi waliona ajali. Mkaguzi aliona safu ya ulinzi ambayo hakuna mtu katika ligi yetu aliyekuwa na hata mchezaji mmoja wake, akawaomba beki Nikola Milenković na kipa Matz Sels. Sels alimaliza msimu akigawana tuzo ya glavu ya dhahabu na Raya, mechi 13 kila mmoja bila kufungwa. Mmoja alichukuliwa na mwalimu katika duru ya tano. Mwingine alipatikana bure.

Jambo la saa linastahili mistari miwili, maana limewaponza Wakenya wengi. Msimu unapoanza, dirisha la Jumamosi lenye mechi ya mapema hufungwa saa saba mchana kwetu, na maombi huchakatwa Ijumaa saa hiyo. Uingereza wakirudisha saa nyuma mwishoni mwa Oktoba, yote yanasogea hadi saa nane. Hapo hakuna anayeumia. Balaa ni mwishoni mwa Machi, saa zinapopelekwa mbele na dirisha likafungwa saa moja kabla ya ulivyozoea. Katika wiki ile Saka aliporudi, wawili katika ligi yetu walifungua simu wakakuta mlango umefungwa.

Salah

Sasa tufike kwa mwenye duka. Salah alifunga mabao 29, akatoa pasi za mabao 18, akamaliza na alama 344, rekodi ya fantasi ya Ligi Kuu, akiivunja ile ya 303 aliyoiweka mwenyewe 2017/18. Mwenye duka alikuwa na mabeki wa wastani na benchi la kuhuzunisha. Maombi aliyafanya akikumbuka. Akachukua ubingwa na KSh 7,000. Mkaguzi akawa wa pili, pointi sita nyuma, na KSh 3,500.

Je, mpango wa mkaguzi ulishindwa? Hapa inabidi kuangalia ratiba. Watu wanane maana yake kila mtu ana wapinzani saba, kwa hiyo unamrudia mtu yule yule kila baada ya wiki saba. Mkaguzi alikutana na mwenye duka wiki ya 3, 10, 17, 24, 31 na 38. Tazama alichokifanya Salah wiki hizo. Wiki ya 3, pale Old Trafford, bao moja na pasi mbili za mabao katika ushindi wa 3-0. Wiki ya 10 bao la ushindi dhidi ya Brighton. Wiki ya 17, Desemba 22, Liverpool waliwafunga Tottenham 6-3 na Salah akawa na mabao mawili na pasi mbili. Mkaguzi alikuwa na Son upande wa pili wa mechi hiyo hiyo.

Wiki ya 24 ndiyo iliyouma. Desemba 7 mechi ya Everton na Liverpool iliahirishwa kwa sababu ya Dhoruba Darragh. Wiki hiyo ya Desemba mwenye duka alikosa Salah na akapoteza, lakini si kwa mkaguzi. Mechi ilipopangwa upya Februari 12, ikaingizwa katika wiki ya 24, kwa hiyo Liverpool wakacheza mara mbili ndani ya wiki moja ya hesabu. Salah akafunga mawili Bournemouth na jingine kwa Everton. Upepo uliovuma Liverpool mwezi wa Desemba ulimfaidi mpinzani mwingine, kisha ukamwangukia mkaguzi mwezi wa pili.

Wiki ya 31 pekee ndiyo Salah hakuambulia kitu, Liverpool walipofungwa 3-2 na Fulham. Washambuliaji wa mkaguzi nao hawakufunga wiki hiyo. Cunha alikuwa na adhabu ya kadi nyekundu na Wood alikuwa majeruhi. Alishinda kwa mabeki, Gvardiol akitoka 0-0 Old Trafford. Wiki ya 38 ilikuta ubingwa umeshaamuliwa.

Mechi nne alizopoteza dhidi ya mtu mmoja ndizo zilizoamua, na hakuna karatasi ya Agosti ambayo ingeziona. Kutoka zamu ya nane hakuwa na njia ya kumpata Salah. Njia pekee ilikuwa kubadilishana, na mfumo unataka nafasi zilingane, kiungo kwa kiungo. Septemba alimtuma mwenye duka ombi la Son kwa Salah. Jibu lilikuwa sauti ya kicheko kwenye WhatsApp. Nafikiri angetoa Mbeumo na beki mzuri kwa Salah na beki mbovu wiki ile ya dhoruba, mwenye duka akiwa ametoka kupoteza, labda wangezungumza. Hakujaribu kwa sababu alishampenda Mbeumo, naye ndiye aliyetuchorea ramani ya watu wanaochagua kwa moyo.

Kuna jambo moja zaidi ambalo ramani hiyo haikulipima sawasawa. Ushabiki wa mwenye duka ulimpa mchezaji bora wa msimu, ule wa mwalimu ukampa wadi ya majeruhi. Mkaguzi huhesabu ushabiki wa wengine kama faida yake wakati wote, na kwa kawaida ni faida. Lakini faida yake halisi ni mapengo unayoacha: Newcastle, Brentford, Wolves, Forest. Kukosea kwa wengine si jambo la kulitegemea.

Kwa msimu wa 2025/26 karatasi ilibadilika sehemu mbili. Kanuni mpya ilimpa beki alama 2 akifikisha jumla ya matukio 10 ya kuondoa hatari, kuzuia mashuti, kukatiza pasi na kukaba, kwa hiyo mabeki wa kati wa timu zinazoshambuliwa, waliokuwa wa kujaza, wakapanda hadi duru za katikati. Ya pili ilikuwa Afcon ya Morocco, kuanzia Desemba 21 hadi Januari 18, iliyowagusa Salah na Mbeumo wote wawili. Mkaguzi alitaka kuwashusha duru nzima kila mmoja. Mimi niliona ni kupita kiasi: katika ligi ya ana kwa ana, wiki chache bila Salah ni mechi chache kati ya 38, tena unajua tarehe zake tangu Agosti. Aliyeumia hakupi ratiba. Hatukukubaliana, akawashusha nusu duru.